Pantoni Iliyozoea Kuinama

Ni Jumanne, kumepambazuka tu, ukungu haujainuka mtoni, na Mama Mizani ameshasimama kwenye mlango wa pantoni, kamba begani, akiwapanga watu kama apangaye sahani kabatini.

"Wewe baba mwenye gunia, kaa kati. Kati, baba, si kulia!"

"Miaka yote unanipeleka kulia. Leo nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Pantoni ndiyo imepona."

Abiria wanacheka, lakini miguu yao inawapeleka kulekule walikozoea. Anawafuata mmoja mmoja, anawashika bega, anawarudisha.

Kazi aliyoajiriwa ni kufunga na kufungua kamba. Alianza mumewe, na alipofariki mama huyu akaishika. Mshahara hauvuki tarehe kumi ya mwezi. Siku zinazobaki anazipitisha kwa kushona sare za shule. Hivyo hivyo amesomesha watoto watatu.

Jina la Mama Mizani amepewa na abiria. Tangi la chini, upande wa kushoto, lilikuwa linavuja, pantoni ikitembea imeinama kama mtu anayeumwa jino. Dawa yake ikawa ni yeye: wanene kulia, magunia kulia, wembamba na wenye madeni kushoto.

"Mwenye madeni hana uzito," anasema. "Mawazo yamemmaliza."

Sasa daraja jipya linakaribia kukamilika, mbali huko mto unakotokea. Magari yote yatapita huko, na halmashauri ya mji ilitaka pantoni iuzwe chuma chakavu. Wachuuzi wakapiga kelele, na wagonjwa wanaovuka kwenda zahanati nao wakapiga kelele: kwa miguu, darajani ni mwendo wa saa nzima. Basi wakuu wakalegea. Tangi lichomelewe, mkaguzi aje. Akiridhika, pantoni ibaki kwa waendao kwa miguu.

Mkaguzi alikuja Jumatatu. Siku hiyo Mama Mizani alinyamaza, akijua chombo kimepona na hakina haja ya maneno yake. Abiria wakaingia, wakaenda kulia wote. Pantoni ikalala kulia, maji yakapanda, yakamjaa mkaguzi viatuni.

"Mmeziba kushoto mkatoboa kulia?" akauliza.

Nahodha, mdogo wa marehemu mume wa Mama Mizani, akamgeukia mama huyo. "Shemeji, umetuua."

"Mimi? Leo si nimefunga mdomo wangu, ule mnaosema hauna kufuli?"

Kisha akamwendea mkaguzi, aliyekuwa akikamua soksi. "Baba, nipe mpaka Ijumaa. Chuma kimepona, bado watu."

Mkaguzi akazitazama soksi zake, akakubali.

Siku tatu nzima Mama Mizani amewarudisha watu kati, na leo ndiyo Ijumaa. Mkaguzi amekuja na viatu vya mpira, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ameweka kikombe cha chai kwenye benchi, kimejaa pomoni, na haondoi macho hapo.

Kamba inafunguliwa. Katikati ya mto bibi mmoja mwenye kapu anaanza kujivuta pole pole kuelekea kulia.

"Bibi!" wanaita abiria kwa pamoja, kabla Mama Mizani hajafungua kinywa. "Kati!"

"Haya, haya, mtanipasua masikio." Bibi anarudi.

Pantoni inagusa gati la ng'ambo. Chai haijamwagika hata tone. Mkaguzi anainua kikombe, anakunywa, anasema ripoti yake itasomwa wiki ijayo, na yeye ataandika alichokiona.

Mama Mizani anafunga kamba na kuivuta kwa nguvu, aone kama imeshika. Amebakiza miaka miwili kustaafu. Abiria mmoja anamuuliza pantoni ikibaki atafanya nini siku hiyo ikifika.

"Nitavuka kama abiria. Tangu nianze kazi humu sijawahi kukaa."

"Utakaa wapi?"

Anaitazama benchi ndefu iliyokaliwa na wachache, ambayo rangi yake bado haijachubuka.

"Kushoto," anasema. "Miaka yote nimewapeleka watu kulia. Na mimi nataka nione mto wa upande ule."