Kikombe cha Ijumaa Asubuhi

Nyie vijana, mkija kuniuliza mtoto mwenye kisukari aliishije zama zile, msije na nyuso za matanga. Aliishi. Tena alinitoa jasho.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, tunakaa Kisauni, vita vya Wazungu ndiyo kwanza vimekwisha. Sindano yake ya kioo niliichemsha kila alfajiri. Chupa ya dawa niliifunga kamba, nikaining'iniza ndani ya mtungi ipate ubaridi. Lakini kabla ya sindano, mkojo. Hospitali walitupatia maji ya buluu: unatia matone ya mkojo, unachemsha. Yakibaki buluu, heri. Yakiwa kijani, chunga mdomo. Yakiwa mekundu kama kigae, ongeza dawa.

Krismasi hiyo kwaya yake ya kanisani ilikuwa inakwenda Rabai, walale siku mbili, na yeye ndiye anayeanzisha nyimbo. Nikamwambia, "Ijumaa asubuhi nikiona wekundu, huendi. Hata mchungaji aje apige magoti."

Alhamisi akala kashata mbili kwa jirani. Mimi sina habari.

Ijumaa akaniletea kikombe, kasimama wima kama askari wa gwaride. Nikachemsha. Lo! Wekundu ule hata kigae kingeona haya.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu, nyanya."

"Basi Rabai uisikie kwa wenzako. Lete mkono, leo naongeza dawa."

Hapo akarudi nyuma hadi ukutani. Alijua dawa ikizidi atatetemeka na kuanguka, kwani yalishamkuta.

"Nyanya, ngoja! Si wangu huo!"

"Wa nani?"

Akatazama mlangoni. Mume wangu alikuwa pale anakunywa maji, kata ya tatu na jua halijatoka.

"Wa babu. Nimeuchota kwenye kopo lake la usiku."

"Mwizi wewe!" babu akapaza sauti. "Hata mkojo wangu hausalimiki?"

"Nilidhani wewe mzima, babu!"

Nami nilidhani hivyo. Mwezi mzima mzee anamaliza mtungi, anaamka usiku mara nne, shuka inamzunguka kiunoni mara mbili. Nikimuuliza, ananiambia, "Joto, mke wangu." Joto gani la kumkondesha mtu?

Nikampeleka mtoto chooni mwenyewe, nikasimama naye. Tukachemsha upya. Kijani.

"Nyanya, ulisema wekundu," akaninong'oneza.

Nilisema. Neno langu silimezi. Nikamdunga kipimo chake cha kila siku, nikafunga sindano na chupa kwenye kitambaa kibichi, nikamkabidhi. Kujidunga alikuwa anajua, ni mimi niliyekuwa sitaki kuachia. Akaondoka anakimbia, nami nikamvisha babu kanzu ya kutokea, tukashika njia ya hospitali.

Jioni tuliporudi, ugonjwa wa babu ukiwa ndio ule ule wa mjukuu, niliwakusanya wanangu na wajukuu waliobaki nyumbani, nikawaambia: "Kuanzia kesho, kila aliyelala chini ya paa hili ataleta kikombe chake kabla ya chai. Babu atatangulia, na mlango wa choo usifungwe."