Kelele za Kwenye Kanda

Mama yangu alikufa sijaanza kutembea. Sauti yake iko kwenye kanda moja tu, na kwa miaka mingi sikuamini kuwa ni yake.

Kanda ni ya mama mkubwa, dada yake, aliyenilea hapa Lipangalala. Zamani mtaa wetu ulikuwa na televisheni moja, ya mzee aliyestaafu kwenye mashamba ya miwa akarudi nayo. Likioneshwa tamasha la muziki wa dansi, watu walijaa sebuleni kwake mpaka barazani. Mama mkubwa alikwenda na redio kaseti, akaiweka mbele ya televisheni, akarekodi juu ya kanda ya kwaya aliyoziba vitundu vyake kwa karatasi ili ikubali kurekodiwa upya. Wengi walifanya hivyo. Sheria ilikuwa moja: redio ikishabonyezwa, hakuna kuongea. Watoto walipelekwa jikoni, na mwenye kikohozi alikaa nje.

"Mama yako ndiye aliyetuharibia," mama mkubwa alizoea kusema. Katikati ya wimbo wa pili anasikika mwanamke, karibu kuliko mwimbaji: "Nishikieni huyu mtoto, wimbo wangu huu!" Mtoto analia. Kinafuata kicheko kirefu, mtu anasema "Shhh!", na magitaa yanaendelea.

"Anayelia ni wewe. Anayecheka ni yeye."

"Utajuaje, mama? Sebule ilijaa wanawake."

"Huko chuo mnafundishwa kubishana na marehemu?"

Sikubishana na marehemu, nilitaka ushahidi. Kwenye picha zake zote mama amefunga mdomo. Majirani wa sebule ile wengine wamekufa, mmoja alihamia Mlimba, na nilipompigia simu alikumbuka suti za wanamuziki, basi. Wakati mwingine niliwaza kwamba mama mkubwa alimchagulia dada yake sauti yoyote nzuri, ili mimi nisikose kitu cha kusikiliza. Hata hivyo, nikiwa hosteli, kicheko kile kilikuwa kikinijia bila kuitwa, kwenye foleni ya chakula, katikati ya mhadhara.

Masika haya kanda ilianza kuvuta. Waimbaji wakawa na sauti nzito, kama wanaimba ndani ya maji. Mama mkubwa akaacha kuipiga kabisa. Nikaichukua nikaipeleka stendi, kwa fundi anayeingiza nyimbo kwenye simu.

Alisikiliza kidogo, akakunja uso. "Msomi, hii imejaa kelele za watu. Wimbo wenyewe upo mtandaoni, safi kabisa. Nikuwekee?"

"Wimbo sitaki. Nataka kelele."

"Aisee! Basi chuo kimekumaliza," akacheka, lakini akaihamisha kama ilivyo, kisha akanipa spika za masikioni nihakiki.

Redio ya nyumbani ina spika moja iliyochanika. Hapa kila kitu kilisogea karibu: mvua kwenye bati, kiti kikiburuzwa. "Nishikieni huyu mtoto, wimbo wangu huu!" Halafu, chini yake, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye kanda ile, ya mama mkubwa akiwa kijana, ananong'ona kwa hasira: "Kaa chini, wewe. Unaumwa."

Ushahidi nikawa nimeupata. Asingemkaripia hivyo mwanamke mwingine yeyote.

Mtoto akalia. Kikaja kicheko. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, macho nimefumba. Hakikuwa kicheko. Kilikuwa kikohozi, kimeanzia kifuani, kimezuiwa kwa kiganja, kikagoma kuzuilika. Na "Shhh!" ile ilikuwa ya mama mkubwa.

"Vipi, iko sawa?" fundi akauliza.

"Iko sawa."

Nilimkuta mama mkubwa uani, anapepeta mchele. Nikaweka simu kwenye kigoda mbele yake. Kwenye spika ndogo ya simu ule mnong'ono haukusikika, na kikohozi kikarudi kuwa kicheko. Alitabasamu palepale anapotabasamu siku zote, bila kuniangalia.

Swali nilikuwa nalo mdomoni. Nimeuliza maswali maisha yangu yote, na hili lilikuwa fupi kuliko yote: ulikuwa unajua?

"Umemsikia anavyocheka?" akaniwahi.

Nikamtazama. Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake.

"Nimemsikia, mama."

"Rudisha tena," akasema.