Wimbo wa Shangazi Ulipochuja Redioni

Sogea unisikilize vizuri, maana harufu ya tope la ndiva haielezeki kwa haraka. Ni harufu ya majani yaliyooza na udongo baridi, nayo hunirudisha Mhezi, milimani Upareni, miaka ile ya Ujamaa. Ndiva ni bwawa tunalokingia maji ya mlimani kisha kuyafungulia mashambani. Tope likijaa, maji hayana pa kukaa, na mahindi hukauka. Kulizoa ni kazi ya kijiji kizima, tunaiita msaragambo, na kwetu iliongozwa na wimbo wa shangazi yangu Nakijwa. Aliimba jina la mtu, mwenye jina akaitikia na kuingia topeni. Ukiitwa, huna pa kujificha.

Mwaka mmoja watu wa redio walipanda na mashine zao, wakamrekodi. Majina waliyaondoa, wakisema nchi nzima haiwajui watu wa Mhezi. Wimbo ukapendwa mno. Ulisikika hadi Makanya, na shangazi akawa anasimamishwa njiani na watu waliotaka tu kumshika mkono. Sisi watoto tukauimba kiredio, bila majina. Miezi michache baadaye redio ikapata wimbo mwingine, wa kwake ukanyamaza.

Msaragambo uliofuata, watu walisimama ukingoni, majembe begani. Shangazi alipoanza kuimba, Elisante, kijana aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge, alimkatiza.

"Shikamoo, mama wa redio."

"Marahaba."

"Huo umeshachuja. Hata redio yenyewe imeuchoka."

"Redio haina shamba hapa," alijibu, akakaza kanga, akaingia topeni peke yake hadi magotini. "Wewe unalo."

Akaimba jina la Elisante. Elisante akabaki ukingoni. Akaliimba tena, kwa nguvu zaidi. Mama yake Elisante akageuka: "Itikia, mwanangu. Au mwaka huu utakula redio?" Watu wakaangua kicheko, naye akaitikia kwa sauti ya chini, akashuka. Majina yakafuatana, na jioni maji yalikuwa yakiingia kwenye bwawa safi.

Leo wajukuu wangu wana nyimbo chungu nzima kwenye simu, na kila mwezi huniambia za mwezi uliopita zimekufa. Nakataa. Anayezipiga hana mamlaka ya kuzizika. Chagua wimbo mmoja unaoupenda, ujifunze maneno yote, utie ndani yake jina la jirani yako, kisha uuimbe mkiwa kazini pamoja.