Bibi Aliponiamkia

Tulihamia kijijini miaka ya sabini, kila familia ilipoamriwa kuacha boma lake na kujenga kwa mistari kando ya barabara ya Kharumwa. Baba aliezua nyumba yetu, akapakia miti kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Bibi, mama yake baba, alitembea nyuma na chungu cha mbegu kichwani. Babu tulimwacha kaburini, kule mahameni.

Hata msimu haukuisha, bibi akaanza kumwulizia babu. "Babu yenu yuko wapi? Jua linazama na ng'ombe hawajanywa maji."

Baba na mama walishinda kwenye pamba, hivyo kumwangalia bibi baada ya shule ilikuwa kazi yangu na mdogo wangu wa kiume. Mara ya kwanza nilimjibu kweli tupu. "Bibi, babu alikufa."

Akaweka mikono kichwani, akapiga yowe. Majirani walikuja mbio wakidhani tumefiwa. Walipojua ni mume aliyezikwa zamani, wapo waliocheka chinichini, na wapo waliokaa naye chini wakamshika mikono. Kesho yake akauliza tena, nami nikarudia, nikidhani jana hakusikia vizuri. Akalia upya.

Jioni baba alituita. "Msimwambie tena. Kila mkimwambia, kwake babu amekufa leo."

"Sasa tumwambie nini?"

Baba aliendelea kukwangua udongo kwenye jembe.

Mdogo wangu ndiye aliyepata la kusema. Bibi alipouliza, akamwambia, "Kaenda mnadani kuuza dume." Bibi akafurahi. Akasonga ugali, akatenga wa babu, akaufunika. Tuliutazama ugali ule mpaka ukapoa. Tukiula, atauliza nani kala chakula cha mzee. Tukiuacha, atahangaika kwa nini mzee hajarudi.

Baadaye akawa anatoka kwenda kumpokea. Tulimfuata barabarani, mdogo wangu akivuta kanga yake, mimi nikimsihi. Siku moja aligeuka akanizaba kofi, yeye ambaye hakuwahi kutuinulia mkono. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, akawa analia kuliko mimi, wala hakujua analilia nini. Watu wa baiskeli walitupita wakituangalia.

Zahanati walimpa vidonge vya kichwa. Mganga alisema wazee wa mahameni wanamwita, tukachinja mbuzi. Mbuzi aliliwa, bibi akabaki vilevile.

Nyumbani kwetu tulisema Kisukuma. Kiswahili bibi alikiweka kwa ajili ya katibu kata, wanunuzi wa pamba, na wageni waliopotea njia. Asubuhi moja nilimpelekea uji, nikamsalimu kama siku zote, "Mwangaluka, bibi."

Akainuka kwenye kigoda, akapiga goti kidogo, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Shikamoo, mama. Karibu. Mwenye nyumba hayupo."

Nilibaki nimeshika bakuli. Nilitazama nyuma, labda kuna mtu mzima mlangoni. Hapakuwa na mtu. Mtoto haamkiwi na bibi yake; nikiitikia nitakuwa nimemtukana. Nikaweka uji chini, nikakimbia mpaka shambani.

Mama alinisikiliza pamba ikiwa imemjaa mikononi. "Ukamwitikiaje?"

"Sikuitikia."

"Rudi umwitikie. Mtu mzima amekuamkia, utamwacha na salamu mdomoni?"

"Lakini mimi ni mjukuu wake, mama."

"Najua, mwanangu," akasema, akageuka upande wa pili.

Nilirudi. Kuku walikuwa wanadonoa uji. "Marahaba," nikamwambia. Bibi alitabasamu kwa adabu ile tunayowapa wageni, akanisogezea kigoda chake. Nikakaa. Aliniuliza natoka nchi gani, na kama kwetu mvua imenyesha. Nikamwambia imenyesha.

Tuliishi hivyo hadi mavuno. Alikufa mchana, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama. Wazee walisema afadhali amepumzika. Kaburini shangazi alinisukuma mbele ili nami nimwage udongo wangu. Nikauchota, nikasimama nao pale ukingoni, nisijue nimuage kama mjukuu au kama yule mgeni.