Dirisha la Siku ya Tisa

Watu wa mtaa wetu wa Ng'ambo husema mimi ni mkaidi. Waseme. Mtoto wangu wa kwanza nilimkalia arobaini nyumbani kwa mama mkwe, na desturi ya nyumba ile ni kwamba mzazi na kichanga hawatoki nje, wala upepo usiwaguse. Dirisha lilifungwa, nyufa za mbao zikazibwa kwa matambara, na uvunguni mwa kitanda likawekwa jiko la mkaa ili tumbo langu lipate joto.

Siku ya tisa, baada ya adhuhuri, kichwa kiliniuma mpaka nikatapika. Mwanangu alikuwa amelegea, titi halitaki. Nilimwomba mama mkwe afungue dirisha.

"Huo ni upepo umekuingia, mwanangu," akasema, akaongeza mkaa.

Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenikanda maji ya moto kila asubuhi na kunipikia uji wa pilipili manga. Lakini ilipofika kwa mtoto wangu, adabu niliiacha pale kitandani. Nilimbeba, nikajikokota kwa kushika ukuta, nikatoka uani mchana kweupe. Majirani waliokuwa wakichambua mchele walishika midomo. Nikakaa chini mbele yao. Baada ya muda mtoto akapiga chafya, akalia, akanyonya.

Alasiri ile tulimpeleka mtoto zahanati, mimi na mama mkwe, na muuguzi akatueleza kwamba mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na kichanga huzidiwa upesi. Chumba chenye jiko, alisema, si chumba cha kulala mtu, na dirisha ni la kufunguliwa. Tuliporudi, mama mkwe akatia jiko mkaa mpya uani, akalibeba kulirudisha uvunguni.

"Mimi nimezaa saba humu humu," akasema.

Waliokuwa hai ni watano, mume wangu akiwa mmoja wao.

"Na wale wawili, mama? Walifariki wakiwa na siku ngapi?"

Nilijua neno hilo litamchoma, nikalisema hivyo hivyo, na mpaka leo sijaomba radhi. Aliweka jiko chini. Alikaa ukingoni mwa kitanda, ushungi ukimwanguka mabegani bila yeye kuurudisha.

"Hawakuwa na homa," akasema. "Walilala tu."

Kisha akainuka, akaanza kuchomoa matambara dirishani, moja moja, kwa mikono yake mwenyewe.