Maombi Yangu Mbele ya Kamera

Leo nacheka, lakini siku hiyo nilitamani sakafu ya ile hoteli ya Nakuru inimeze. Krispi zangu za viazi zilikuwa zimenifikisha fainali ya shindano la biashara kwenye televisheni. Yalibaki tu mahojiano na wakurugenzi watatu.

Nikaketi. Wote watatu wakainamisha vichwa, kimya. Sasa, kwetu kijijini Bahati hakuna mkutano unaoanza bila maombi, na mara nyingi mgeni ndiye hufungua. Nikafumba macho, nikapaza sauti:

"Baba, asante kwa wakubwa hawa. Mlainishe huyu mama wa miwani, nasikia ni mkali. Na unisamehe, Baba. Kwenye fomu nimeandika krispi nakaanga mwenyewe, na wewe unajua ni mama mkwe."

Sikusikia amina. Nikafungua jicho moja. Kumbe walikuwa wameinamia fomu yangu, wanaisoma. Sasa wote walikuwa wananitazama, na kamera pia.

Mama wa miwani akaivua, akapangusa machozi ya kicheko.

"Amina," akasema. "Haya, mpigie mama mkwe simu. Mwambie tunamngoja kwa mahojiano."