Makubadhi ya Mwanaidi

Sikulazimishi uniamini. Lakini nilikuwepo, mchana kweupe, wala sikuwa na homa.

Mimi na Mwanaidi tunafanya usafi katika hoteli moja hapa Doha, na tunalala chumba kimoja huko Al Wukair. Ijumaa hiyo alikuwa na furaha tele, maana wiki iliyofuata alikuwa anarudi Tanga kwa mama yake. Akanivuta hadi kwenye jumba dogo la sanaa nyuma ya maduka ya Al Sadd, tukatazame vitu vya Kijapani. Kiingilio bure, kiyoyozi kipo. Ungekataa wewe?

Chumba cha mwisho kilikuwa na mkeka tu, na ukutani picha ya nyumba ya Kijapani, mlango umeachwa wazi kidogo, ndani giza. Sikuipenda tangu mwanzo. Mwanaidi kwa mzaha wake akavua makubadhi yake mekundu, akapanda mkekani na kuita, "Hodi wenyewe!"

"Karibu, mwanangu."

Sauti ya mwanamke, Kiswahili safi, kutoka ukutani. Wallahi niliisikia.

"Usiitikie!" nikamwambia. Lakini unajua tulivyolelewa, ukikaribishwa hunyamazi.

"Ahsante, nimeshakaribia," akasema.

Akageuka, hacheki tena. Akatoka peku, wala hakuyaulizia makubadhi yake. Nikayatafuta mimi. Hayakuwepo mkekani. Yalikuwa ndani ya picha, kizingitini, yamepangwa vizuri.

Nikamwita mlinzi, kijana wa Kenya. Akaitazama picha, mimi akanikwepa macho. "Sista, hizo viatu ziko hapo tangu nianze job. Endeni tu." Kwa nini atufukuze, kama hajui kitu?

Jioni mama yake Mwanaidi alipiga simu, wakaongea kidogo, akakata. Kisha akanipigia mimi, analia. "Mwanangu, huyo si Mwanaidi. Nipe Mwanaidi."

Safari ya Tanga ikafa. Huyu niliyerudi naye anasema hana mtu huko. Mama yake bado ananipigia, ananiuliza mwanawe yuko wapi, nami roho inaniuma. Nimjibu nini, yuko ukutani?

Basi nawe, ukikuta mlango usiomjua mwenyewe, usibishe hodi kwa mzaha. Na ukisikia karibu, kimbia, adabu utaiomba radhi baadaye. Mimi nikirudi kutoka zamu nabisha chumbani kwetu, na aliyemo ndani ananijibu kwa sauti ile ile, "Karibu, mwanangu." Simwitikii. Naingia kimya, nalala na viatu miguuni.